Mti wa Passy na Daktari Mwenye Siri

Hadithi, hadithi! Najua mtakavyoitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Leo utamu uje kama kawaida yake, ila uongo nauomba usubiri nje, kwa sababu mambo nitakayowasimulia yalitokea kweli. Yalitokea Ufaransa, mjini Paris na vitongoji vyake, mwaka 1784. Humo ndani kuna mfalme, kuna daktari, kuna mtoto wa miaka 12 na kuna mti. Mti huo nitauachia nafasi useme wenyewe, maana uliyaona.

Tuanze na daktari. Jina lake Franz Mesmer. Alizaliwa mwaka 1734 katika kijiji kando ya ziwa, kwenye nchi ya Wajerumani. Akasomea utabibu Vienna, na mwaka 1778 akahamia Paris. Paris ilikuwa na madaktari wengi, lakini huyu alikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho. Alikuwa na siri.

"Siri gani, Mjomba?"

Umeuliza vizuri, mwanangu. Umeuliza vizuri kuliko watu wazima wengi waliopanga foleni mlangoni kwake.

Mesmer alisema hivi: dunia yote imejaa kitu mfano wa maji mepesi mno. Hukioni. Hukigusi. Hukinusi. Kinapita kwenye nyota, kinapita baharini, kinapita mwilini mwako. Kikipita vizuri, wewe mzima. Kikikwama, unaumwa. Akakiita sumaku ya viumbe. Na nani aliyejua namna ya kukikwamua? Mesmer.

Sasa ingia chumbani mwake. Mapazia mazito yamefunga mwanga. Kuna vioo ukutani. Watu wananong'ona tu, hakuna anayepaza sauti. Katikati pamewekwa pipa kubwa la mbao ya mwaloni, limefunikwa. Ndani yake wanasema mna chupa za maji, unga wa chuma na vioo vilivyopondwa. Kwenye kifuniko kuna matundu, na matundu yametokeza fimbo za chuma zilizopinda. Wagonjwa wamekaa kulizunguka. Anayeumwa tumbo anaegemeza fimbo tumboni, anayeumwa goti anaiegemeza gotini. Kamba moja imewapitia wote. Pembeni kinalia kinanda cha vioo, sauti yake nyororo, ya kusisimua nywele. Kisha mlango unafunguka, na daktari anaingia na joho la hariri la rangi ya zambarau, fimbo mkononi. Anatembea polepole. Anakutazama machoni. Anakunyooshea ile fimbo.

Mmoja anaanza kukohoa. Mwingine anacheka na hawezi kunyamaza. Mwingine analia. Mwingine anaanguka na kutetemeka, anabebwa mpaka chumba cha pili chenye magodoro. Wakiinuka, wengi wao wanasema, "Aa, nimepata nafuu."

"Basi dawa ilifanya kazi, Mjomba?"

Subiri hapo hapo na swali lako, usilipoteze. Tutalihitaji bustanini.

Kwanza nikwambie siri hiyo iliuzwaje. Mwaka 1781 serikali ya mfalme ilimwambia Mesmer: tutakulipa livre 20,000 kila mwaka, nawe uwafundishe watu tutakaowachagua sisi. Livre ilikuwa fedha ya Wafaransa wa zamani, na 20,000 zilikuwa utajiri. Akakataa. Miaka miwili baadaye rafiki zake wakaanzisha chama. Kila aliyetaka kujiunga alitoa sarafu 100 za dhahabu, akatia saini kwamba hatamfundisha mtu mwingine bila ruhusa. Watu wakatoa. Walikuwamo makabaila, wanasheria na maafisa wa jeshi, watu waliosoma hasa. Usije ukadhani waliingia humo wajinga.

Waliingia kwa nini, basi? Hapa nipeleke jikoni kwenu.

Mama yako anapika pilau. Ana namna yake ya kuchanganya bizari, na labda hajamwambia jirani. Hiyo ni siri, na haina ubaya wowote. Kwa nini? Kwa sababu chungu chake kinafunuliwa. Unaonja. Ikiwa mbichi, unasema mbichi, naye anarudisha makaa juu ya mfuniko. Hawezi kukwambia, "Imeiva, ila ulimi wako bado haujafikia daraja la kuonja."

Sasa aje mpishi mwingine. Anaweka chungu uani, kimefunikwa, kimezungushiwa kitambaa chekundu. Anasema: "Humu mna chakula ambacho hakijawahi kupikwa. Mfuniko haufunuliwi. Harufu yake huisikia mwenye moyo safi peke yake. Lipa kwanza." Umelipa. Unanusa. Husikii kitu. Utafanyaje? Ukisema husikii kitu, umejitangaza kwamba moyo wako mchafu. Kwa hiyo unasema, taratibu, "Mmh, inanukia." Jirani yako naye alikuwa hasikii kitu. Amekusikia wewe. Anajiambia, kumbe mwenzangu ameisikia! Naye anasema, kwa sauti kubwa zaidi yako, "Inanukia kweli!" Wa tatu hapo hataki kubaki nyuma. Baada ya muda ua mzima unameza mate, na mpishi hajafanya lolote zaidi ya kukaa kimya. Kazi yote mmeifanya ninyi.

Tena mtu aliyekwisha kulipa ni mgumu kukubali kwamba chungu ni kitupu. Aliyetoa sarafu 100 za dhahabu ni mgumu zaidi ya aliyetoa 10. Halafu kuna raha ya kuwa miongoni mwa wachache. Raha hiyo ni tamu, nisikudanganye. Mimi nadhani iliwavuta wengi kuliko hata hamu ya kupona. Mtu anapokwambia "hili nakwambia wewe tu, wengine hawawezi kulielewa," kifua kinajaa kabla akili haijauliza hilo lenyewe ni lipi.

Turudi Paris. Mwaka 1784 mfalme, Louis wa 16, aliona maneno yamezidi. Akaunda tume. Ilikuwa na watu wakubwa wa elimu. Alikuwamo Antoine Lavoisier, aliyeeleza kwa nini moto huwaka na hewa ina kazi gani humo. Alikuwamo Jean Sylvain Bailly, mtazamaji wa nyota. Alikuwamo daktari Guillotin. Na alikuwamo mzee wa miaka 78, balozi wa Marekani, aliyeishi kitongoji cha Passy: Benjamin Franklin. Ni yule aliyechunguza umeme wa radi. Halafu sikia hii, maana hunichekesha kila mara: kile kinanda cha vioo kilichokuwa kikilia chumbani kwa Mesmer, aliyekibuni ni Franklin huyo huyo.

Mesmer alikataa kuchunguzwa. Mwanafunzi wake, daktari Charles Deslon, akakubali, akaifungulia tume mlango. Mesmer alifanya nini? Akasema Deslon hamwakilishi, wala elimu yote hanayo. Ona hapo. Siku zote hizo Deslon alikuwa akitibu watu kwa elimu hiyo hiyo, na ilipofika siku ya kupimwa tu, ikawa siri ya kweli iko kwingine.

Tume ikafunua chungu. Walilipima pipa la Deslon kwa chombo cha kupimia umeme, na kwa sindano ya chuma ya kutambua sumaku. Hawakukuta umeme. Hawakukuta sumaku. Wakakaa wenyewe kulizunguka, siku baada ya siku, fimbo tumboni. Hakuna aliyeanguka. Lakini wangeweza kuambiwa, "Ninyi miili yenu ni migumu, haipokei." Ndipo wakafikiria njia ambayo mpaka leo naivulia kofia. Njia yenyewe ni kitambaa cha macho.

Nitaunyamazia mti sasa, useme.

"Mimi ni mti wa aprikoti. Matunda yangu ni ya manjano, madogo, yenye kokwa moja. Nimeota bustanini kwa mzee Franklin, Passy. Siku hiyo alikuja Deslon, akaninyooshea fimbo yake, akafanya ishara zake kunizunguka. Wao husema mti ukifanyiwa hivyo unajaa ile nguvu, na mtu mwepesi wa kupokea akiugusa lazima mwili umbadilike. Nilisubiri nibadilike. Majani yangu yalibaki majani.

"Ndipo akaletwa mtoto wa kiume, miaka 12. Deslon mwenyewe ndiye aliyemchagua, kwa sababu alijulikana kuwa mwepesi wa kupokea. Walimfunga kitambaa machoni. Wakampeleka kwenye miti minne, mmoja baada ya mwingine, akawa anaukumbatia kila mmoja kwa muda. Mimi sikuwa mmoja wa hiyo minne.

"Mti wa kwanza, akatoka jasho, akakohoa, akasema kichwa kinamuuma. Mti wa pili, akasema anazidi kulewalewa. Mti wa tatu, akasema anahisi amekaribia mti wenyewe. Mti wa nne, akazimia. Viungo vikakakamaa. Wakambeba wakamlaza kwenye nyasi, Deslon akahangaika naye mpaka akarejewa na fahamu.

"Nami nilikuwa nimesimama pale pale nilipo. Sikuguswa hata kwa kidole. Nikasikia Deslon akijitetea. Akasema labda miti yote ina nguvu hiyo kwa asili yake, na kuwapo kwake bustanini kumeizidisha. Wale wakubwa wakamjibu kwamba ikiwa ni hivyo, basi mtu mwepesi wa kupokea asingeweza kutia mguu katika bustani yoyote bila kuanguka. Hapo hata mimi nilitikisa tawi."

Asante, mti. Umesema vizuri.

"Mjomba, yule mtoto alikuwa anadanganya?"

Hapana. Shikilia hilo, maana wengi hulikosa. Jasho lilikuwa jasho. Kuzimia kulikuwa kuzimia. Hebu tujaribu kitu. Nakutajia embe bichi. Limekatwa vipande vyembamba. Limenyunyiziwa chumvi na pilipili ya unga. Unakichukua kipande, unakiuma... Mate yamekutoka au hayajakutoka? Na embe liko wapi? Haliko. Mwili wako ni mtiifu sana kwa kile unachokitazamia. Mtoto yule aliambiwa na watu wakubwa, wenye vyeo, kwamba mti utamwangusha. Alikuwa akiusubiri mti umwangushe. Ukamwangusha mti ambao hakuna aliyeushughulikia.

Nyumbani kwa Lavoisier walifanya lingine la namna hiyo. Mama mmoja alisogezewa vikombe kadhaa ambavyo havikufanyiwa chochote, naye akidhani vimetiwa ile nguvu. Akashikwa, akaanguka. Alipotulia akaomba maji ya kunywa. Wakampa maji katika kikombe kile hasa kilichofanyiwa ishara zote. Akanywa kwa utulivu, akasema amepata nafuu.

Sasa lilete lile swali lako: dawa ilifanya kazi? Tume ilijibu Agosti mwaka huo. Ilisema kwamba mawazo ya mtu, bila ile sumaku, yanatosha kumwangusha. Na ile sumaku, bila mawazo ya mtu, haifanyi kitu. Siku chache tu bustanini na vikombe mezani vilijibu kile ambacho maneno ya miaka hayakukijibu.

Utaniuliza, je, Mesmer alikuwa tapeli? Hapo mwanangu nitakuwa mwangalifu. Inaelekea aliyaamini mwenyewe mengi aliyoyasema, na aliendelea kuyaamini mpaka alipofariki mwaka 1815. Wala hilo halipunguzi hatari. Anayejua kwamba anadanganya, pengine siku moja macho yatamponyoka ukamgundua. Anayeamini anakutazama bila kupepesa. Kwa hiyo usitafute uongo kwenye uso wa mtu. Mwombe afunue chungu.

Na wale waliolipa dhahabu? Mwaka uliofuata walimjia juu. Wao walisema tumenunua elimu hii, tunataka kuifundisha hadharani. Yeye akasema elimu ni yake. Chama kikavunjika kwa ugomvi.

Lakini kile kitambaa cha macho hakikutupwa. Kimesafiri mpaka kwetu. Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika. Miongoni mwa sehemu hizo ni Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania, na Kilifi nchini Kenya. Watoto wengine walichomwa chanjo hiyo, wengine walichomwa chanjo ya ugonjwa mwingine. Mzazi hakuambiwa mwanawe kapata ipi. Na waliowapima watoto hao baadaye nao hawakujua. Wote walikuwa wamefungwa kitambaa, kwa hiari yao, ili yeyote asione kile anachotamani kukiona. Kisha vitambaa vikafunguliwa, hesabu zikachapishwa, yeyote akazisoma. Zilisema nini? Chanjo inapunguza malaria, haiimalizi. Walioitengeneza hawakuficha sehemu ya pili. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza watoto waipate.

Umeiona tofauti? Hawa nao walijua jambo ambalo wewe na mimi hatukulijua. Kujua zaidi ya wengine si kosa. Nahodha anaijua bahari kuliko abiria, na ni vizuri iwe hivyo. Lakini hawa walijiwekea mtihani ambao wangeweza kuufeli mbele ya watu. Mesmer aliukwepa. Mwanafunzi wake aliufanya, akaufeli, akabadilisha swali.

Kubadilisha swali ndiko ninakotaka ukukamate upesi. Chukua jambo lililo karibu nawe. Msimu wa mitihani ukifika, simu hupokea ujumbe: "Ninayo karatasi halisi ya kesho. Ni kwa wachache tu. Tuma hela sasa hivi. Usimwambie mtu." Utaitambua sauti hiyo. Malipo mbele. Chungu kimefunikwa. Wewe ni mteule. Na muda hakuna, ili usipate nafasi ya kumuuliza mkubwa. Asubuhi ukikuta maswali mengine kabisa, utamwandikia, naye akikujibu atasema waliibadilisha usiku. Mwambie basi akurudishie hela uone.

"Sasa mimi nimuulize nini mtu wa namna hiyo, Mjomba?"

Muulize kitu kimoja: "Ni jambo gani likitokea, utakubali kwamba umekosea?" Fundi baiskeli ana jibu: nikishindwa kuziba pancha, tairi litaisha upepo. Mwalimu wa hesabu ana jibu: jumlisha mwenyewe. Mwenye chungu cha kitambaa chekundu hana jibu, kwa hiyo atakasirika. Atakwambia una kiburi. Atakwambia wenye imani hawaulizi. Mtoto akiuliza kwa adabu, mwenye elimu hufurahi. Mimi ninyi mnaniuliza tangu tulipoanza, na kila swali limenipa nguvu ya kuendelea.

Nina ombi moja. Siri ya zawadi ya mama ina siku yake ya kufunguliwa, na ikifunguliwa wote wanacheka. Ifurahie. Lakini mtu mzima yeyote, awe jirani, awe mwalimu, awe kiongozi wa dini, awe ndugu wa damu, akikupa siri na kukwambia usimwambie mama wala baba, nenda ukamwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo. Wa kwanza asipokusikiliza, mwambie wa pili. Na kama ulikuwa umeshaahidi kunyamaza, ahadi hiyo haikufungi.